Mguu wa Mama na Taa ya Leza

Mashine ya leza ilikaa miezi mitano ndani ya sanduku lake kabla mtu yeyote hajaitoa, na mpaka leo nikiikumbuka hupandwa na hasira upya. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nikifanya kazi katika chumba cha mazoezi ya viungo cha hospitali moja mjini Unguja, chumba chenye vitanda viwili, baiskeli isiyokwenda na kioo kirefu kilichopasuka kona. Waliopooza, waliovunjika, waliofunguliwa plasta, wote wakiletwa kwangu. Mashine ile ililetwa na wageni wa nje. Tulipiga nao picha, hotuba zikasomwa, soda zikanywewa, na wageni walipoondoka sanduku likasukumwa chini ya meza ya stoo.

Aliyelifungua ni daktari mpasuaji, mgeni vilevile, aliyekuja kutusaidia kwa wiki sita. Kazi yake ilikuwa ngozi: kuwatengeneza walioungua, kufunika vidonda vilivyokataa kupona. Alinionesha kijisanduku chenye vifungo, na mwisho wa waya wake kitu cha kushika mkononi, kinene kidogo kuliko kalamu. Ukikibonyeza kinatoa nukta ya mwanga mwekundu. Hii si leza ya kupasulia, akaniambia, haikati wala haichomi. Unaigusisha kwenye ngozi dakika moja hapa, dakika moja pale, kila siku, na mwanga unaingia ndani ukaiamsha nyama ifanye kazi ya kujiponya. Nikamwuliza kama kweli inasaidia. Akainua mabega. Alisema wenzake wengine wanaapa kwayo, wengine wanaicheka, na yeye yuko katikati. Nilimpenda kwa ukweli wake, na papo hapo nilikereka, maana nani anataka kupewa dawa akaambiwa huenda ni maji?

Wiki ile ile mama yangu akagongwa na pikipiki ya vespa.

Alikuwa anarudi nyumbani kutoka kwa jirani. Kichochoro chenyewe watu wawili wenye vikapu hawapishani, lakini mwenye vespa aliona anapita. Alimbana mama ukutani akamburura, na ngozi yote ya mbele ya mguu wa kulia, chini ya goti, ikaondoka na nyama yake. Mfupa wa muundi ulikuwa mweupe, wazi, mtu yeyote angeuona. Haukuvunjika, na watu walitupa hongera kwa hilo, na mimi nilitaka kuwapiga.

Mfupa ukikaa wazi hauponi. Unakauka, kisha unaoza, kisha unakatwa. Kwa hiyo yule daktari mgeni akamfanyia mama kile wanachokiita flapu: alikata kipande cha ngozi pamoja na mafuta yake kwenye shavu la mguu, akakikata pande tatu tu, upande wa nne akauacha umeshikana na mwili ili damu iendelee kupita, kisha akakigeuza kikaja mbele kuufunika mfupa, akakishona. Nilikuwepo. Kilionekana kinene, kimevimba, hakifanani na mguu wa mtu. Akaniambia kila kitu kinategemea ncha ya kile kipande, ile sehemu iliyo mbali kabisa na damu. Ncha ikibaki na rangi yake, mguu umepona. Ikigeuka nyeusi na weusi ukapanda mpaka kwenye mfupa, hakuna ngozi nyingine ya kukata. Akaniachia mashine, akaniachia karatasi mbili za maelekezo, akamaliza wiki zake sita, akaenda zake.

Daktari mkuu wa wodi yetu aliniita pembeni akasema bila ya kuzunguka: "Ikifa ile flapu, bibie, tutakata chini ya goti. Mwambie mama mapema."

Sikumwambia mama. Mama alikaa Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, juu ya ngazi za mbao zilizosimama wima hata sisi wazima tukishika kamba. Aliingia nyumba ile akiwa bibi harusi na hakuwahi kulala kwengine isipokuwa kwa msiba. Kaka yetu alikuwa amejenga Chukwani, nje ya mji, nyumba ya chini isiyo na ngazi, na tangu siku ya ajali alikuwa akisema chumba cha mama kiko tayari.

"Chukwani nkafanye nini?" mama alimjibu. "Nkahesabu kunguru? Mie nna miguu yangu."

Miguu yangu, alisema, wakati mmoja umefungwa bandeji mpaka gotini. Nilijua kwamba akikatwa atashushwa ngazi zile mara moja na hatazipanda tena. Kwa mama kukatwa mguu na kuhamishwa Chukwani ni jambo moja, na lile la pili ndilo lingemuua.

Basi nikaishika ile taa ya leza kwa mikono miwili. Nikiwa na wasiwasi mimi hufanya kazi, na ile ilikuwa kazi. Na hapo nikaanza kujua hospitali yetu ilivyoumbwa.

Mashine ilitengenezwa nchi yenye umeme mdogo kuliko wetu, kwa hiyo ilihitaji transfoma, na transfoma ya pekee ilikuwa ofisini, ikitumika kwa mashine ya kuchapia barua. Kila asubuhi nilisimama mlangoni kuiombea, na kila asubuhi kulikuwa na barua moja tu ya kumaliza. Kisha kabati la kuhifadhia mashine lilifungwa kwa ufunguo, na ufunguo alikaa nao daktari mkuu mwenyewe, kwa sababu, alisema, ni kitu cha thamani. Kisha miwani. Leza haitazamwi kwa macho matupu, kwa hiyo ilikuja na miwani mitatu ya kijani, mikubwa. Wiki ya kwanza mmoja ukapotea. Nikautafuta mpaka kwenye mapipa ya taka. Siku ya nne nikamwona dereva wetu wa gari la wagonjwa anaingia getini kauvaa, kaegemea kiti, anajiona. Nikamvua mwenyewe usoni mbele za watu. Alicheka. Mimi sikucheka, na tangu siku hiyo hospitali nzima wakaniita Bi Miwani.

Umeme nao. Kuna asubuhi mama, aliyekwisha kuruhusiwa kulala nyumbani, aliletwa, akalazwa, bandeji ikafunguliwa, nikavaa miwani, nikambandika na yeye yake, nikabonyeza, na umeme ukakatika. Tulikaa vile mpaka adhana ya adhuhuri, mimi na mama, tumevaa miwani ya kijani, tunatazamana.

"Tukionekana hivi na watu," mama akasema, "hata kukatwa mguu kutakuwa na nafuu." Alisema kwa mzaha. Hakujua. Nilitoka nje nikalia bafuni.

Kumleta kwenyewe ilikuwa adhabu. Niliomba ruhusa nichukue mashine nimfuate nyumbani, maana mguu ule haufai kuning'inia. Daktari mkuu akasema mashine haitoki nje ya geti. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonichosha. Mtu mbaya unamtukana moyoni ukapoa. Alitaka tu kila kitu kiwe mahali pake. Kwa hiyo kila siku mahamali wawili walimshusha mama kwenye kiti, ngazi moja moja, mdogo wangu anayekaa naye akiushikilia mguu juu kwa mbele, na mama akiwasomea mahamali dua na kuwatukana kwa zamu.

Lakini siku kumi za mwanzo zilikwenda vizuri. Nasema hivyo kwa uangalifu, maana sijui kilichokuwa kikienda vizuri ni taa au ni mwili wa mama. Nilikuwa na desturi yangu. Nafungua bandeji, nasafisha, natazama rangi, nagusa kwa mgongo wa kidole kusikiliza uvuguvugu, nabonyeza kidogo nione damu inavyorudi. Kisha nukta nyekundu, dakika moja, nasogea, dakika moja, nasogea, mzingo mzima wa kile kipande. Ncha ilikuwa ya zambarau na upana wa kidole kimoja ulikuwa umekufa. Huo tuliutarajia. Ulikuwa ukitoa harufu kidogo, kama ilivyo nyama yoyote inayokufa. Lakini haukupanda. Nilikuwa nikitembea kwenda nyumbani nikihesabu siku, na siku ya kumi nilijiruhusu kununua halua.

Siku ya kumi na mbili nikafungua bandeji nikakuta malengelenge.

Yalikuwa manne, makubwa, yamejaa maji, katikati ya kile kipande ambapo pote palikuwa pazima. Pembeni yake ngozi ilikuwa imebadilika rangi. Nikamwita daktari mkuu kwa sababu sheria inataka, na kwa sababu niliogopa.

Alitazama malengelenge, akatazama mashine, akatazama transfoma. "Umeme umepanda," akasema. "Imemchoma."

"Daktari, hii haitoi joto. Haiwezi kumchoma."

"Basi haya yametoka wapi? Mbinguni?"

Nilichukua ile taa nikaibandika kwenye kiwiko changu mbele yake, nikaiacha dakika kumi nzima, nikihesabu kwa sauti kwa hasira. Hakuna kilichotokea. Akasema ngozi yangu ni nzima na ya mama inaumwa, si sawasawa. Nikasema nimempiga taa siku kumi na moja bila ya lengelenge hata moja. Akasema ndiyo maana, imejikusanya. Imejikusanya! Mwanga, ujikusanye, kama vumbi kwenye rafu! Nilipaza sauti wodini, jambo ambalo sijawahi kulifanya kabla wala baada. Yeye hakupaza. Aliichomoa mashine, akaizungushia waya wake taratibu, akaiingiza kabatini, akafunga.

"Niletee maelezo ya maandishi," akasema. "Imekuwaje, na nani kaona nini. Nikiridhika, nitafungua."

Nikaandike nini? Sikujua imekuwaje. Usiku na mchana nilirudia kichwani kila nilichokifanya. Maji ya kusafishia yalikuwa ya moto? Hapana. Dawa mpya? Hapana. Nilianza hata kumshuku daktari mgeni na zile karatasi zake mbili. Na kwa kuwa sikuwa na mashine, siku ya pili yake sikuwa na sababu ya kubaki kazini mpaka jioni. Nikaomba ruhusa, nikaenda kwa mama mapema, kabla ya alasiri.

Udi niliusikia tangu chini ya ngazi. Haukunishtua. Kwetu wagonjwa hutazamwa baada ya alasiri, na mama hakuwa mtu wa kutazamwa ovyo. Kila siku walikuja wanawake sita, saba, mmoja na mapera ya Kidichi, mwengine na mkate wa kumimina kutoka Bububu, na mama akiwapokea kitandani amevaa kanga mpya, asumini kichwani, utadhani ni yeye aliyeolewa. Nyumba isiyofukizwa kabla ya wageni si nyumba. Nikapanda.

Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Mguu wake aliunyoosha kwa ubavu, upande wa flapu chini, juu ya vigoda viwili vilivyoachana, na juu ya mguu palitandazwa kanga mpaka chini sakafuni, na pembeni mwa kanga moshi ulikuwa ukitoka. Mdogo wangu alikuwa amepiga magoti, kichwa chake kimeingia nusu ndani ya kanga, anapuliza makaa.

Niliivuta ile kanga. Chetezo kilikuwa chini ya mguu hasa, makaa mekundu, udi umekolea, na bandeji yangu niliyoifunga asubuhi ilikuwa imefunguliwa mzunguko mmoja ili moshi uingie.

"Mnamchoma!" nikapiga kelele. Nilikipiga chetezo teke kikavingirika, majivu yakatapakaa juu ya mkeka, mdogo wangu akawa anaokota makaa kwa ncha za vidole huku analia.

"Nani anochomwa?" mama akasema. "We mtoto una wazimu? Mbona mie sisikii moto wowote?"

Nikakaa chini pale pale penye majivu.

Hasikii. Bila shaka hasikii. Ngozi ikikatwa ikageuzwa, mishipa ya hisia imekatwa nayo; damu inafika, lakini hisia hazimo, pengine kwa miezi, pengine milele. Unaweza kuichoma sindano mwenyewe asijue. Nilijua hilo kama ninavyojua jina langu. Na katika siku zile zote nilizomhutubia mama, usiteremshe mguu, usiukanyage, usipake majani, usipake mafuta ya mtu yeyote hata akiwa kaapa, na nilivyomweleza kuhusu mwanga unaoamsha nyama mpaka akaomba nimpumzishe, sikumwambia hata mara moja kwamba kipande kile hakisikii moto. Nilikuwa nimeshughulika na taa.

Na ninalolionea uchungu zaidi ni hili: kila asubuhi bandeji ile ilikuwa ikinuka udi. Niliifungua kwa mikono yangu, ikaninukia puani, na sikuuliza. Ningeuliza nini? Mimi mwenyewe nilikuwa nanuka udi. Nguo zetu, nywele zetu, mito yetu, mwanamke wa mjini kwetu akitoka nyumbani bila ya harufu ile huulizwa kama anaumwa. Yule daktari mgeni angefungua bandeji ile mara moja tu, angeuliza, hii ni harufu ya nini? Mimi niliyezaliwa pale nilivuta pumzi nikaona mambo yako sawa.

"Tangu lini?" nikamwuliza mdogo wangu.

"Siku tano, dada. Mama kaniapisha nsikwambie."

"Wageni wanakuja," mama akasema, anatazama ukuta. "Sitaki kunuka. Basi."

Nilimfungua, nikamsafisha, nikamfunga upya. Kisha nikamwambia kwamba sasa najua la kuandika, na nikiandika hivi, kabati litafunguliwa kesho.

"Usiandike," akasema.

"Mama, bila ya karatasi sipewi mashine."

"N'shasema usiandike. Faili lile linasomwa na nani? Karani wa pale ni mtoto wa jirani yetu. Msafishaji shangazi yake anakuja hapa kila siku. Utaniandika mimi kwamba nlikuwa nnanuka mpaka nkajifukiza mguu kama nguo? Andika taa imenichoma. Taa haina mama."

Nilimwomba. Nilimkasirikia. Nilimwambia kwa mara ya kwanza habari ya kukatwa, nikamtajia Chukwani, nikaona uso wake unavyobadilika, na bado akatikisa kichwa. Ni ukaidi gani ule! Siku mbili nzima nilikwenda na kurudi kati ya mwanamke asiyetaka kuandikwa na mwanamume asiyetaka kufungua bila ya maandishi, na kati yao mguu ule unageuka rangi. Nilimwambia daktari mkuu kwa mdomo kwamba nimejua sababu na si mashine. "Andika," akasema. Nilikuwa naweza kuandika bila ya ruhusa ya mama, na sikuthubutu. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wangu, na sikuthubutu.

Malengelenge yalipasuka, ngozi ya chini yake ikawa ya kijivu, na ule weusi wa ncha ukaanza kupanda. Niliuwekea alama ya wino pembeni. Siku ya tatu asubuhi weusi ulikuwa umevuka alama. Kutoka hapo mpaka ukingo wa mfupa palibaki upana wa vidole viwili. Nikachukua kioo cha mkononi, nikamwekea mama pembeni mwa mguu aone mwenyewe, kwa sababu maneno yangu yalikuwa yamekwisha.

Alitazama muda mrefu. Alimwambia mdogo wangu aende jikoni, na mlango aurudishe.

"Andika," akasema.

Nikashukuru kwa sauti. Nikamwambia wageni hawatajua, nitasema na karani, wageni wale watasahau.

"Wageni?" Mama akanigeukia. "Unadhani mie nliwajali wageni? Wamekuja wiki mbili, wamekaa hapa kitandani, wamenipakata mguu, hakuna alokunja uso. Siku ile ya Ijumaa wewe ulikuja. Ulipofungua mlango ukasimama. Kisha ukenda dirishani moja kwa moja, ukalifungua, ukatoa kichwa nje. Hata mkono hukunipa kwanza. Nkasema, huyu anashika vidonda vya watu kila siku, huyu ndo kazi yake. Ikiwa huyu kashindwa, basi mie nshaoza."

Nilikiweka kioo chini.

"Siku ya pili nkaanza kujifukiza. Basi andika. Andika mama yako alikuwa akinuka hata mwanawe wa kumzaa hakuweza kukaa naye chumba kimoja. Andika hivo hivo nlivokwambia, na hilo kabati lao walifungue."

Niliikumbuka ile Ijumaa. Nilikuwa nimechoka, nimepanda ngazi mbio, na harufu ilinipokea mlangoni. Nimenusa vidonda vibaya zaidi ya kile mara nyingi na sikuwahi kupepesa jicho. Kazini nina uso wa kazini. Lakini pale nyumbani sikuwa na uso ule. Ilikuwa harufu ya mguu wa mama yangu unaokufa, na ilinitia hofu, nikatafuta hewa. Nilitazama chini kichochoroni dakika moja, labda mbili, nikajitia naangalia anayepita. Kisha nikageuka nikamwamkia. "Shikamoo mama." Akaitika marahaba, kwa furaha, nilidhani.

Nilitaka kumweleza hayo. Alikuwa amefumba macho. Nikaenda hospitalini nikaomba karatasi, nikakaa kwenye kitanda kimoja cha chumba changu cha mazoezi, nikaandika ukurasa mmoja na nusu. Daktari mkuu alisoma amesimama, mara mbili. Kisha akatoa ufunguo mfukoni, akafungua kabati, akaniletea mashine mwenyewe mpaka mezani, na hata transfoma akaenda kuitoa ofisini kwa mkono wake. Aliniomba radhi pia. Ningependa kusema nilifurahi.

Nilimpiga mama ile taa siku ishirini na moja zaidi. Weusi ulisimama upana wa kidole kimoja kabla ya mfupa. Sehemu iliyokufa ilikauka, ikajitenga, ikaondolewa, na chini yake palikuwa pekundu, pazima, pakafunikwa na ngozi nyembamba kidogo kidogo. Ni taa? Ni kuacha makaa? Ni mwili wa mwanamke mkaidi? Watu walioniuliza walitaka jibu moja, na mimi sina. Najua tu kwamba mwezi wa tatu baada ya ajali mama alizipanda ngazi zake mwenyewe, ameshika kamba, akipumzika kila baada ya ngazi nne, na habari ya Chukwani haikutajwa tena.

Maelezo yangu yalitiwa kwenye faili. Daktari mkuu aliyapenda. Aliwasomea wauguzi wanafunzi, akasema mwaona, huyu kamwandika mama yake mzazi, hakuficha, hivi ndivyo mtumishi wa afya anavyotakiwa awe. Niliandika chetezo, niliandika makaa, niliandika siku tano, niliandika kwamba sikumtahadharisha mgonjwa kuwa flapu haisikii moto na kwamba kosa hilo ni langu. Sababu ya mgonjwa kujifukiza niliandika kwa maneno manne: kwa ajili ya wageni.

Mama alisoma chuo cha Kurani tu. Herufi za Kiarabu alizisoma mbio, hizi nyengine hakuzijua. Jioni ya siku ile niliyopeleka karatasi nilipita kwake, nikakaa karibu yake kitandani, dirisha limefungwa, na akanishika mkono.

"Umeandika kama nlivokwambia?"

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Nimeandika yote."